Wazee wa Yangambi: nani yupo, nani ametutoka, na panga la mzee wa ngazi

Kurasa hizi huwa tunazijaza bei za soko na kalenda ya mashamba. Safari hii tunaleta habari za watu.

Katika vijiji vya kandokando ya Lomami, huko Isangi, na kwenye mitaa ya Kisangani, wako wazee ambao mnawajua kama baba fulani au mama fulani, basi. Wachache kati yenu wanajua kwamba wazee hao walitumika Yangambi. Hawakuwa maingenyeri wala wakubwa wa ofisi. Walikuwa watu wa laboratwari na wa kitalu, watu wa nyumba ya majani makavu, watu wa kupima mvua asubuhi. Wamestaafu, kila mmoja akarudi kwao. Wanapashana habari kwa simu pale rezo inapokamata. Pale isipokamata, salamu zinasafiri na kijana wa toleka au na mama wa biashara aliyepanda balenieri. Tuliwafuata mmoja mmoja, tukawauliza nani yupo, nani ametangulia, na wanafanya nini sasa. Majina yao hatuyaandiki. Wenyewe waliomba hivyo, na mtaelewa sababu mbele kidogo.

Kwa vijana ambao hawajafika huko: Yangambi iko kwenye mto mkubwa, kilometa 100 hivi chini ya Kisangani, ng'ambo ya kulia. Ukitoka Opala unateremka na Lomami mpaka Isangi inapomwaga maji yake, kisha unapanda tena mto Kongo. Wabelgiji waliweka pale mwaka 1933 makao ya INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo kwa koloni lote. Kufikia uhuru ilikuwa na vituo zaidi ya 30 nchini. Leo taasisi inaitwa INERA. Mambo mengi tunayoyaona ya kawaida shambani yalipita pale. Mpunga wa mlimani uitwao OS 6 ulitoka huku Kongo ukafika hadi Nigeria, na kule wakaupa jina lao, FARO 11. Na ukienda Bukoba, Tanzania, ukakuta mkulima anasifu ndizi yake isiyoogopa ugonjwa wa majani meusi, atakuambia inaitwa Yangambi Km 5. Hajui Yangambi iko wapi. Ni jina la ndizi tu kwake.

Tuanze na waliotutoka, maana wazee wenyewe ndivyo wanavyoanza. Ukimpigia simu mmoja wao, kabla ya kuuliza mvua au watoto, atakutajia vifo. Tangu mvua za mwaka jana wamezika mtu wa karakana ya kituo, aliyekuwa akitengeneza mizani na majiko ya kukaushia mbegu. Wamezika pia mpimaji mmoja wa mvua. Huyu wa mvua wanamcheka kwa upendo mpaka leo. Wanasema hata siku ya harusi yake alitoka asubuhi kwenda kusoma kipimo, ndipo akarudi kuvaa koti. Alipostaafu akaendelea kupima kwa kopo la maziwa nyuma ya nyumba yake, akiandika kwenye daftari la shule la mjukuu. Wenzake hawakuweza kufika wote matangani. Njia ni ndefu, na nauli ya balenieri si mchezo. Walichanga kidogo kidogo, pesa ikapelekwa kwa mjane na mtu mmoja kwa niaba ya wote. Daftari liko kwa mjukuu. Tumemwomba asilifanye karatasi ya kufungia karanga.

Anayestahili maneno mengi zaidi ni mzee wa ngazi.

Anaishi Opala. Kazi yake ya miaka mingi ilikuwa kupandisha miti ya ngazi, yaani kuikutanisha dume na jike kwa mkono. Anatembea kwa fimbo. "Mie nilipanda miti wakati ya ujana," anasema, "sasa magoti njo inalipa deni." Tulikaa naye siku mbili. Alikuwa na wageni wengine pia, vijana wa koperative moja ya hapo karibu waliokuja kumwonyesha miche yao kwa furaha kubwa. Walikuwa wameotesha miche ya ngazi karibu 300. Mbegu walizikusanya chini ya miti mizuri sana ya jirani, miti yenye ngazi za nyama nene na kokwa jembamba, ile aina ambayo wengi wetu tunaiita ya kisasa. Walitaka ushauri wa mashimo tu.

Mzee hakuzungumzia mashimo. Aliuliza, "Mama yake ni nani, na baba yake ni nani?"

Hapa ndipo tunataka msomaji atulie, kwa sababu jambo hili linakula pesa za wakulima wengi, na wanaoweza kulieleza kwa mkono wao wamebaki wachache. Ngazi ziko za aina tatu. Ya kwanza ni ya kokwa nene, nyama kidogo, ile ya msituni na ya babu zetu. Wataalamu wanaiita dura. Ya pili haina ganda la kokwa kabisa, na miti yake mingi haizai, mikungu inaoza ikiwa midogo. Hiyo ni pisifera. Ya tatu ni ya kokwa jembamba na nyama nyingi, tenera, ambayo kwa mkungu wa uzito uleule inatoa mafuta zaidi kuliko dura, kama theluthi moja hivi juu yake. Kwa muda mrefu watu walidhani tenera ni kabila lake lenyewe, kwamba ukipanda mbegu yake utapata yeye. Wakapanda, wakashangaa kuona mchanganyiko. Jibu lilipatikana Yangambi, likachapishwa mwaka 1941 na Beirnaert na Vanderweyen: tenera ni mtoto wa dura na pisifera. Ni mchanganyiko wa damu mbili. Ukikutanisha dura na pisifera, watoto wote ni tenera. Ukichukua mbegu za tenera iliyokutana na tenera mwenzake, damu zinaachana tena. Katika watoto 4, mmoja anarudi dura, 2 wanakuwa tenera, mmoja anakuwa pisifera.

Fanyeni hesabu ya hekta moja. Kwa nafasi ya mita 9 kwa pembetatu, hekta inachukua miti 143. Kama mbegu ziliokotwa chini ya tenera zenye majirani tenera, mkulima atapata miti kama 36 ya kokwa nene, 71 ya aina anayoitaka, na 36 ambayo itasimama, itakula mbolea, itatia kivuli, na haitamlisha. Na baya zaidi, kwenye kitalu huwezi kuitofautisha kwa macho. Majani ni yaleyale. Utajua mti ukianza kuzaa, mwaka wa tatu au wa nne, wakati umeshapalilia na umeshalipa watu. Kisha mti wenyewe unakaa shambani miaka 25.

Vijana walinyamaza. Mmoja akasema, "Basi Yangambi inatuuzia siri." Mzee akacheka. Akawaeleza kazi yenyewe ilivyokuwa, na tukaona kwa nini mbegu ya kweli ina bei.

Unaanza kwa kulichunguza ua la kike kabla halijafunguka. Unapanda, unasafisha miiba na uchafu, unalivika mfuko na kuufunga kwa nguvu, usiache tundu hata la kupita mdudu, kwa maana mdudu mmoja mwenye unga wa ua la mti mwingine anaharibu kila kitu. Unafanya hivyo siku 7 au zaidi kabla ua halijawa tayari. Kisha kila siku unapanda kuliangalia kupitia kidirisha cha mfuko. Likifunguka, unapuliza ndani unga wa ua la kiume wa pisifera uliochanganywa na poda, unaziba tena. Mfuko unakaa wiki kadhaa. Mkungu unaiva baada ya miezi 5 au 6. Kila hatua unaandika: tarehe, namba ya mti mama, namba ya mti baba, jina la aliyepanda. "Ukikosea namba moja," alisema mzee, "umedanganya mtu ambaye haujamuona, na atajua kiisha miaka ine."

Hata mkungu ukishavunwa, kazi haijaisha. Mbegu ya ngazi ni mvivu kuota. Msituni inaweza kulala miezi mingi. Kituoni waliilaza kwenye chumba cha joto la digrii 40 hivi kwa siku kama 80, ndipo wakailowesha na kuitoa kwenye joto, ikaota kwa pamoja. Mwenzake aliyekuwa akilinda chumba hicho yuko Kisangani kwa binti yake, macho yamepungua, lakini anamtumia salamu kila mwezi. Mzee alituambia kwamba huyo mwenzake aliweza kujua joto limepanda kwa kuingiza mkono tu mlangoni, halafu ndipo anaangalia kipimajoto kuhakikisha. Tunaamini. Mama zetu wanafanya hivyohivyo na tanuri la mkate.

Jambo moja alilowafundisha vijana siku ile halihitaji laboratwari, na kila koperative inaweza kulifanya kesho. Chukua ngazi moja iliyoiva, ikate kwa panga kukingama, katikati. "Munaangalia karibu na kokwa. Kama munaona bidoti bieusi binazunguka kokwa kama pete, ile ni tenera. Kama hakuna pete na kokwa ni nene, ni dura. Basi." Vidoti hivyo ni nyuzi zinazozunguka kokwa. Vijana walikata ngazi za miti 12 ya kijijini pale, mzee akiwa ameketi kwenye kiti chake na kutoa hukumu. Zile 4 walizoziheshimu kuliko zote zilionekana kuwa dura zilizonenepa tu kwa udongo mzuri wa nyuma ya jiko. Kwa mtu anayenunua shamba la zamani, au anayegawana urithi wa miti na ndugu zake, kipimo hiki kina thamani yake.

Vipi kuhusu ile miche 300? Ugomvi ulikuwa mkali, na hatutauficha. Wengine walisema jasho la miezi minne haliwezi kutupwa kwa neno la mzee mmoja. Mwingine akapendekeza kuiuza kwa kijiji cha mbali. Mzee alimtazama tu, na mama mmoja mwanachama akamwambia kijana huyo kwamba kuuza miche ile ni kumuuzia mwenzako deni. Tunakubaliana na mama huyo bila kusita. Mwishoni walikata hivi: sehemu ndogo ya miche itapandwa mipakani na kwenye ardhi isiyo na kazi nyingine, wakijua wanachopanda, shamba la pamoja litasubiri mbegu zenye karatasi ya baba na mama.

Tukitoka kwa mzee wa ngazi, tuliteremka Isangi kwa mama mmoja aliyetumika upande wa kahawa. Yeye hapendi maneno mengi. Anauliza kwanza kama una kahawa, kisha kama ina afya. Ugonjwa wa kukauka ndio uliomtesa maisha yake yote ya kazi. Uliua robusta nyingi katika Afrika ya kati zamani, ukatulizwa kwa kupanda miti iliyostahimili, iliyochaguliwa vituoni. Kisha mashamba yakaachwa, miti ikazeeka, na ugonjwa ukarudi kaskazini mashariki mwa nchi yetu. Mwaka 1993 ukaonekana Uganda, na miaka michache baadaye Tanzania.

Akatupeleka kwenye mti wa jirani uliokuwa umenyauka upande mmoja. Alikwangua gome kwa kisu karibu na udongo. Chini yake mbao ilikuwa na rangi ya bluu nyeusi, kama wino uliomwagika. Hiyo ndiyo alama. Mti wenye alama hiyo haponi, hata ukimwagia nini. Unang'olewa na mizizi, unachomwa palepale uliposimama. Msiuburute kupita katikati ya kahawa nzima, na msiufanye kuni za nyumbani. Panga lililoukata lipite motoni kabla halijagusa mti mwingine. Mama huyu anasema watu wanamsikiliza vizuri mpaka anapofika kwenye neno kuni. Hapo wanaanza kuangalia pembeni.

Alitukumbusha jambo jingine pia: robusta haizai kwa unga wake mwenyewe. Ukipenda mti mmoja sana ukapanda vipandikizi vyake peke yake shamba zima, utapata majani na maua, kahawa kidogo. Changanyeni aina kadhaa nzuri.

Kisangani tuliwapata wengine wawili, wa nyumba ya majani makavu. Nyumba hiyo ya Yangambi ina mimea iliyobanwa na kukaushwa kama 150,000, kila mmoja na karatasi yake inayoeleza ulichumwa wapi na lini. Ni kubwa kuliko nyingine yoyote ya aina hiyo katika Afrika ya kati. Wazee hawa hawakutaka kuzungumza sana juu ya miaka ya vita. Walichosema ni kwamba mishahara ilipokatika, kuna watu waliendelea kwenda kufungua milango, kufukuza wadudu, kuziba paa linapovuja, kwa sababu majani yakilowa mara moja yamekwisha. Juni 2000, mabomu yalipokuwa yanaanguka Kisangani siku 6 mfululizo, mmoja wao alikuwa amekwama mjini na watoto. Alichokuwa anafikiria, anasema, ni paa.

Baba wa mmoja wao alikuwa mtazama miti. Kuanzia mwaka 1937, kwa karibu miaka 20, wafanyakazi wa Yangambi walizunguka msituni kila wiki, wakiangalia miti ileile zaidi ya 2000, na kuandika: huu umetoa maua, huu una matunda, huu umepukutisha majani. Alama ndogo kwenye majedwali makubwa. Miaka ya karibuni majedwali hayo yamepigwa picha, na watu wa kujitolea wa nchi nyingi wakasaidia kuyanakili kwa intaneti, ili wanasayansi wajue msitu wetu ulivyokuwa unapumua kabla hali ya hewa haijabadilika. Na pale Yangambi sasa umesimamishwa mnara wa mita 55 unaopima hewa inayoingia na kutoka msituni. Tulimwonyesha mzee picha ya mnara kwenye simu. Aliiangalia kwa muda, akauliza nani anapanda kuusafisha.

Vitabu vimebeba majina ya waliosimamia kazi. Waliopanda miti, waliotembea msituni kila wiki, waliolinda joto la chumba, majina yao yako kwenye fishi za zamani, kama fishi zimebaki. Hatusemi hivyo kwa kumdharau mtu. Beirnaert alifanya kazi kubwa. Lakini hesabu ya 1, 2, 1 haikupatikana kwa kukaa mezani. Kuna mtu alipanda akafunga mfuko bila kudanganya.

Sasa sababu ya kuficha majina. Wengi wa wazee hawa wanangoja haki zao za mwisho wa kazi, na wengine wamengoja mpaka wakazikwa. Wana mafaili yanayosafiri kutoka ofisi hadi ofisi, na wanaogopa kwamba neno lililochapishwa linaweza kulipoteza faili. Sisi si watu wa kuamua jambo hilo. Tunachoweza kusema kwa makoperative ni kidogo na ni cha kweli: mkimwita mzee aje kuangalia kitalu, mlipeni. Nauli, chakula, na kitu cha mkononi, kama mnavyomlipa fundi wa moto. Tumeona mahali pawili mzee akitembea kutwa nzima, akirudishwa na mkungu mmoja wa ndizi na shukrani nyingi.

Na msiwaite peke yao. Mzee wa ngazi ametaka kila koperative inayomhitaji impe vijana wawili, mmoja awe msichana, wanaojua kuandika na wasioogopa kupanda. Ameshapata wanne. Anawafundisha kufunga mfuko kwenye mgomba kwanza, chini, mpaka mikono izoee. Msichana mmoja kati yao anaandika tarehe bila kukumbushwa, na mzee anamsifu mbele ya wenzake kiasi cha kuwakera.

Mwezi ujao, maji yakiruhusu, atateremka mwenyewe na balenieri kwenda Yangambi kuulizia mbegu za shamba la pamoja. Tulimwambia magoti yake hayafai safari hiyo na kwamba kijana anaweza kutumwa. Alikataa. Mbegu zilizoota, alisema, zinasafiri kama mayai: zisikauke, zisipigwe jua, zisiwekwe karibu na mashine ya chombo, na kijana akishikwa na usingizi atazifanya mto wa kulalia. Tena ana mengine ya kufanya njiani. Atalala Isangi kwa mama wa kahawa, ambaye hawajaonana miaka 6, na amemtayarishia mche mmoja wa ndizi kwenye mfuko. Halafu anataka kupita kwa mjane wa mpimaji wa mvua, kutoa rambirambi kwa mdomo wake, na kumwona yule mjukuu mwenye daftari.

Wanaotaka kutuma salamu, barua au pesa ya mchango kwa mkono wake wazilete kwa katibu wa koperative ya Opala kabla ya Jumamosi ya pili ya mwezi. Mizigo hapana. Amesema wazi kwamba hatabeba mizigo.